Kumuulizia Mshairi

Alkhamis, mwezi wa Shaabani. Tangu alfajiri upepo unaleta vumbi kutoka jangwani, na sasa, baada ya laasiri, milima haionekani kabisa na jua limekuwa kama sahani ya shaba iliyokosa kusuguliwa. Madirisha yote ya nyumba tumeyafunga, na chini ya mlango wa mbele nimetia taulo la maji kwa ajili ya kifua cha mjukuu wangu.

Naandika ya wiki hii kabla sijaanza kuyapamba. Skuli nilisoma mpaka darasa la sita, Unguja, kisha nikaolewa, tukaja huku kwa Waarabu. Mtu wa darasa la sita akipewa kitabu cha mashairi ya Kizungu akatoe neno juu yake, naona ana haki ya kuogopa. Nimeogopa wiki nzima. Kofia ya watu niliyoahidi kuimaliza iko vile vile, upande mmoja una maua na upande wa pili mweupe.

Jambo lenyewe ni hili. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kiume, amepata nafasi ya kwenda kusoma Marekani, miaka miwili, kuandika na kuchora. Mwalimu atakayemsimamia ni mwanamke wa huko huko, mshairi. Mshairi huyo ametoa kitabu kipya, nusu yake ni mashairi ya miti na maji na wanyama, nusu ni mashairi ya picha zilizotundikwa katika majumba ya makumbusho. Msichana alikiagiza, kikaja, na tangu kimekuja anakibeba mpaka jikoni. Baba yake hakusema ndiyo wala hapana. Mama yake alitaka kusema hapana lakini aliona haya. Basi Jumapili wakaja chumbani kwangu, mume na mke, na mwanangu akakiweka kitabu kitandani juu ya nyuzi zangu.

"Mama, tunataka utuulizie huyu mwanamke."

"Nimuulizie kwa nani? Nnamjua nani Marekani miye?"

"Hapana wa kumuuliza. Kitabu ndicho hicho."

"Hiyo ilikuwa kazi ya posa, baba."

"Na hii nini? Si tunampa mtu mtoto wetu?"

Mkwe wangu alikuwa akizikusanya nyuzi zangu zilizomwagika, nyekundu na nyekundu, kijani na kijani, kama mtu anayefanya kazi ya maana.

Asiyejua nimweleze. Kwetu posa ikija hawamsikilizi kijana mwenyewe wala mama yake, maana mama gani atasema mwanangu mbaya. Anatafutwa mtu mzima akaulizie: kwa majirani, kwa watu wa msikiti anaosali, kwa waliofanya naye kazi. Akighadhibika anakuwaje, watumishi anawasemesha vipi, safarini anamgojea mwenziwe au anatangulia. Na anayeulizwa haruhusiwi kuficha, hiyo ni amana. Kazi hiyo niliifanya miaka mingi hapa Mawaleh, si kwa akili, ila kwa kuwa nilikuwa nikirudi na mawili, jema na baya, nikiyasema yote kwa sauti moja. Wako waliosema ni uadilifu na wako waliosema ni mdomo mrefu. Nadhani kila upande ulikuwa na haki yake.

Kilichonitia khofu si Marekani. Mtoto huyu ana pumu. Alipokuwa mdogo, siku ya vumbi kama hii, alibanwa ndani ya gari tukirudi kutoka Qurayyat. Midomo ikageuka rangi kama ya mtu aliyekula zambarau. Mama yake alikuwa akipekua mkoba kutafuta dawa na kila kitu kinaanguka, na miye nilimkalisha mapajani nikiwa nimemshika mabega, nikasikia pumzi moja imetoka, na nyengine haijaingia. Iliingia. Lakini kile kitambo baina ya pumzi mbili hakijanitoka mwilini mpaka leo. Nikifikiri chumba kwenye nchi ya theluji, mlango umefungwa kwa ndani na yeye yumo peke yake, ni kitambo kile kile nakisikia.

Basi nikaanza kazi. Kiingereza changu ni cha mabango ya dukani, kwa hivyo kila siku baada ya laasiri mjukuu wangu alikaa kwenye zulia na kitabu, akinisomea kwanza kwa Kizungu nisikie mlio wake, kisha akinieleza kwa Kiswahili. Nilimwambia asinifasirie uzuri. Anieleze mtu alifanya nini.

Shairi la kwanza lilikuwa la mbweha aliyegongwa na gari. Mshairi alimkuta katikati ya njia, akasimamisha gari lake, akamfunika kwa shali, akambeba mpaka kwenye majani.

"Kwa shali yake mwenyewe?" nikauliza.

"Yake mwenyewe, Bibi."

"Akaifua baadaye?"

"Shairi halisemi."

"Angesema. Watu wanataka kujua."

Akacheka sana, na miye nikacheka, lakini moyoni nilimwandikia alama nzuri huyo mwanamke. Hapakuwa na mtu wa kumuona na alimbeba. Nikajiuliza papo hapo: kama hapakuwa na mtu, na sasa sote tunajua, si yeye aliyetwambia? Sikujua niiweke upande gani. Nikaiweka katikati.

Jumatatu tukasoma la bwawa linaloganda. Sijapata kuona maji yakiganda nje ya friji. Kwa maneno yake niliona: yanaanzia pembeni, kwenye mizizi na majani yaliyooza, kisha yanakwenda katikati polepole, na katikati panabaki tundu jeusi ambapo bata wamebanana. Yeye amesimama ukingoni siku nyingi, na hatii mguu, hatupi jiwe. Anatazama tu mpaka tundu linakuwa dogo na bata wanaondoka. Nilipenda. Nilijisikia nimesimama nyuma yake, kimya, nimeshika mkoba wake. Ana adabu ya mgeni, nilisema, hagusi cha watu.

La picha nililipenda zaidi. Mchoraji wa zamani alichora jiko, na mwanamke ameinamia ndoo, na kila anayeipita picha ile humtazama mwanamke na mwangaza ulioko mgongoni kwake. Mshairi wetu anatazama pembeni kabisa, kwenye mlango, ambapo pana mkia wa mbwa. Mkia tu, mbwa mwenyewe keshatoka nje ya picha. Shairi zima anauliza alikuwa anakwenda wapi, nani alimwita, na kama mchoraji alimfukuza au alichelewa kumchora. Nimeshona kofia tangu nimekuja nchi hii, na huwa natazama kofia za watu msibani na harusini, na najua jicho linakwenda kwenye ua kubwa. Tangu siku ile ninatazama ukingo, pale mshonaji alipokuwa amechoka. Hilo amenifunza yeye. Lazima nimpe haki yake.

Lakini kila nilivyompenda, khofu ilizidi, na Jumanne asubuhi nikiwa nachambua mchele nikaijua sababu. Katika kitabu kile hapana watu. Bata wapo, mbwa, mawe yenye kuvu, mito, wanawake waliochorwa na kufa zamani. Mtu aliye hai, mwenye jina, anayekaa karibu yake, hapana. Katika yote niliyokwisha kusomewa hapana aliyekohoa.

Nikampigia simu shoga yangu wa Wadi Kabir, ambaye zamani tulikuwa tukienda pamoja kuulizia.

"Nimepewa mtu wa kumuulizia, na hana majirani," nikamwambia.

"Hapana asiye na jirani."

"Jirani zake ni bwawa na mbweha."

"Basi kamuulize mbweha."

"Mbweha kafa."

"Hee, huyo keshaanza vibaya. Mashahidi wake wanakufa."

Nikamueleza yote, na pumu nikamueleza ingawa anaijua.

"Na kitabu nani anakusomea?"

"Mjukuu."

"Huyo anayetaka kwenda?"

"Huyo huyo."

"Yaani bibi harusi ndiye anayekuletea khabari za bwana harusi. Umezeeka, shoga. Zamani ungenifukuza kwa kosa kama hilo."

Alisema kweli, na niliona haya mpaka nikasahau kumuaga vizuri. Sikuwa na sababu ya kumdhania mtoto ubaya. Lakini kazi ni kazi, na Jumatano, msichana alipokwenda chuoni, nilimwita mkwe wangu, mama yake, ambaye Kiingereza anakisoma kazini kila siku. Na hili nalo nililijua: wa kwanza anataka kwenda, wa pili anataka abaki. Nilijisemea kwamba wasomaji wawili wanaovutana huenda wakanyoosha kamba. Nikamwomba anisomee yale yale niliyokwisha kusomewa, asiongeze mengine.

Mbweha alikuwa yule yule. Bwawa lile lile, isipokuwa mkwe wangu alisema bata wawili hawakuondoka, walikufa, na mtoto alikuwa amesema wameondoka. Nikasema pengine ni namna ya kufasiri. Kisha tukafika kwenye shairi la kioo.

Hilo la kioo mjukuu wangu alinisomea Jumanne jioni. Asubuhi za baridi kali, kioo cha dirisha la darasani kinashika barafu nyembamba kwa ndani, na barafu inajichora yenyewe, majani na manyoya na matawi, na hapana mkono uliochora. Mshairi amesimama mbele ya wanafunzi wake akisahau somo kwa kukitazama. Nilimwambia mtoto: hii ni kofia, nyeupe juu ya nyeupe. Nilimfanya alisome mara mbili.

Mkwe wangu alilisoma, akafika pale, akaendelea.

"Linaendelea?" nikauliza.

"Linaendelea, Mama. Ndiyo kwanza nusu."

Chini ya dirisha lile palikuwa na kiti. Mwenye kiti ni msichana aliyetoka nchi ya mbali. Siku moja hakuja, na ya pili hakuja, na mwalimu alifikiri mvivu. Tena alifurahi, anasema mwenyewe, kwa sababu kiti kikiwa kitupu aliweza kukiona kioo vizuri zaidi. Baadaye mwanamke anayesafisha jengo ndiye aliyemwambia kwamba msichana alikuwa mgonjwa chumbani kwake peke yake, mpaka akabebwa kupelekwa hospitali. Na mwalimu anasema tangu hapo barafu ikija kwenye kioo haioni. Anaona kiti.

"Alipona?" nikauliza.

"Shairi halisemi."

Mkwe wangu alikifunga kitabu. Sikuona furaha usoni kwake, na hili naliandika kwa sababu angeweza kufurahi, ushindi ulikuwa wake. Miye kahawa ilikuwa mkononi nikaiweka chini. Nilimuona mjukuu wangu kwenye kiti kile, kisha sikumuona kwenye kiti kile, na mwanamke wa watu anatazama kioo.

Jioni mjukuu wangu aliporudi nilimngojea atue mkoba wake.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, kwa sababu hivyo ndivyo ninavyomtania tangu mtoto, na nilitaka ajue simgombezi. "Shairi la kioo lina nusu ya pili."

Akakaa.

"Nani kakusomea?"

"Mama yako."

"Nilijua utaogopa, Bibi. Ningekusomea, ungesema hapana."

"Ningeogopa mara moja. Sasa nimeogopa mara mbili. Jana nilikuwa namuogopa yeye, leo nakuogopa na weye. Na bata?"

"Nini bata?"

"Walikufa."

Akainamisha kichwa. "Wawili tu," akasema, na kama si siku ile ningecheka.

Hapo nikamuuliza lile ambalo, kwa uzoefu wangu, nilipaswa kuliuliza siku ya kwanza, maana muuliziaji mzuri huuliza pande zote mbili.

"Huyu mwalimu wako, anajua una pumu?"

Akaanza kufungua zipu ya mkoba wake, akaifunga.

"Hajui," nikasema mwenyewe.

"Sikumwambia. Nilisema niko mzima. Bibi, wangenionea huruma, au wangempa nafasi mtu mwengine. Na pampu yangu ya dawa ninayo, natembea nayo."

"Ulipobanwa chuoni mwaka jana, nani aliijua pampu iko mfuko gani?"

"Rafiki zangu."

"Na huko?"

Akaupapasa mfuko wa mkoba ilimo pampu. Mtoto huyu si mwongo. Ni mtu aliyechoka kuitwa mgonjwa, na kwa hilo simlaumu, ningekuwa yeye huenda ningefanya hivyo hivyo. Lakini niliona mmoja asiyetazama viti na mwengine anayejificha nyuma ya kiti, na sisi ndio tunaowakutanisha kwa mkono wetu.

Leo sikusoma tena. Vumbi limenifungia ndani na nimekaa nalo neno langu, nikiligeuza. Kusema hapana kulikuwa kwepesi, na wote wangenishukuru isipokuwa mmoja. Kilichonizuia ni hiki, na sijui kama ni hoja au ni udhaifu wa mtu aliyependa kitabu. Nimewaulizia watu wengi katika umri wangu. Mabaya yao niliyapata kwa majirani, kwa wake walioachwa, kwa watu wenye visa vyao. Hata mmoja hakunijia mwenyewe akaniambia: niliwahi kumwacha mtu augue, na nikafurahi kiti chake kilipokuwa kitupu. Huyu mwanamke amelisema, akalipiga chapa, akaliuza dukani ili mgeni kama miye alikute. Mdogo wangu aliolewa na mtu ambaye mtaa mzima haukuwa na doa la kumtaja, na aliyoyaona humo ndani Mungu anayajua. Tangu hapo anayenitisha zaidi ni yule asiye na doa.

Lakini pia nilijiambia: kukiri si kutazama. Mtu anaweza kujuta vizuri sana na akasahau tena.

Naendelea usiku. Mwanangu alirudi kazini akikung'uta vumbi kwenye kofia. Tukakaa sebuleni wanne, milango imefungwa, hewa nzito. Mjukuu wangu alikuwa na pampu mkononi, hakuitumia, alikuwa akiizungusha tu.

"Haya, Mama," mwanangu akasema. "Umemuulizia?"

"Nimemuulizia. Anajua kutazama, na vya watu hagusi. Na aibu yake haifichi. Hayo mema. Baya lake, akiona kitu kizuri humsahau mtu. Kalisema mwenyewe, sikulitunga. Nami huenda nimefahamu nusu tu, kwa kuwa nimesomewa."

"Kwa hivyo hafai," mkwe wangu akasema.

"Sijasema hafai. Nimesema humsahau mtu. Mtu kama huyo haendewi na mwenye kujificha." Nikamgeukia msichana. "Mwandikie sasa hivi, hapa, mbele yetu. Mwambie una pumu, na mwambie midomo yako ikibadilika rangi afanye nini. Ukimwandikia, neno langu ni uende. Usipomwandikia, ni hapana, na ukinichukia nitavumilia."

"Na akisema hanitaki?"

"Basi tutakuwa tumemuulizia sawasawa."

Alimtazama baba yake, na baba yake akatazama zulia. Msichana akachukua simu yake akaanza kuandika, akafuta, akaandika tena. Nilimuomba anisomee kwa Kiswahili, kisha nikamuomba mama yake asome ile ya Kizungu, na sikuona haya kufanya hivyo mbele yake, wala yeye hakuona vibaya. Zilikuwa sawa. Akaituma.

Huko sasa ni asubuhi. Hajajibu. Nilianza wiki nikiogopa kwamba mtoto ataenda, na tangu ile simu ilipolia kwamba ujumbe umeondoka naogopa kwamba hataenda, na kwamba miye ndiye niliyemkosesha kwa kumlazimisha kusema kweli kwa mtu ambaye hatujawahi kumuona uso. Khofu zote mbili ninazo, zimekaa pamoja kama wake wenza. Mwanangu alisema nimefanya haki. Mkwe wangu alinishika mkono tu. Nani kati yao ana uhakika sijui, miye sina.

Kwa kuwa vumbi lilizuia watu kutoka, tulikula vilivyokuwemo ndani: muhogo wa nazi, nguru wa kukaanga aliyebaki jana, na achari ya ndimu. Msichana aliiweka simu kando ya sahani, uso juu. Hapana aliyemwambia aiondoe.